Masomo 40 yamekwisha, makosa ni yaleyale: akili mnemba itumikeje kufundisha watu kazini?

Swali: Mimi ni ofisa mafunzo katika kampuni yenye wafanyakazi wapatao 300, zaidi ya nusu wakiwa huduma kwa wateja. Mwaka huu tulinunuliwa programu ya akili mnemba, na kwa miezi miwili tumetengeneza masomo mafupi 40 kutoka kwenye miongozo yetu, kila moja na maswali yake. Karibu kila mtu amemaliza, na wastani wa alama umepita asilimia 90. Lakini wasimamizi wanalalamika kwamba makosa hayajapungua: malalamiko yanaandikwa nusunusu, fedha zinarejeshwa kwa wasiostahili, wateja wenye hasira wanajibiwa ovyo. Tunakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, programu mliyonunua imefanya vizuri kazi mliyoipa, yaani kuandika. Ila uhaba wa maandishi haukuwa shida yenu tangu mwanzo. Miongozo mlikuwa nayo, watu waliisoma na bado walikosea. Leo wanasoma miongozo ileile iliyokatwa vipande 40. Wanachokosa ni mazoezi: kukutana na kisa kigumu, kuamua wenyewe, kukosea mahali ambapo kosa halimwumizi mteja, kuonyeshwa papo hapo walipoteleza, kisha kurudia baada ya siku kadhaa. Mazoezi ya namna hiyo yalikuwa ghali kwa sababu yalidai mkufunzi mmoja akae na mtu mmoja. Kazi hiyo ndiyo mngeipa akili mnemba kwanza, na uandishi wa masomo ukafuata nyuma kabisa.

Alama za asilimia 90 zisikupe moyo. Mtu anayejibu maswali dakika tano baada ya kusoma anapimwa kumbukumbu ya dakika tano. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yanayoeleza hali yenu vizuri. Wanafunzi walisoma kifungu. Kundi moja likakisoma tena, jingine likakiweka kando na kuandika lilichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojilazimisha kukumbuka asilimia 56. Mfumo wenu unapima ile dakika ya tano, na wasimamizi wanaona wiki inayofuata.

Kumsaidia mtu si kumfundisha

Hapa ndipo taasisi nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanauchumi Erik Brynjolfsson na wenzake walifuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, baadhi yao wakiwa wamepewa programu ya akili mnemba inayowapendekezea majibu wakiwa kazini. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2023, idadi ya masuala yaliyotatuliwa kwa saa ilipanda kwa wastani wa asilimia 14, na kwa wahudumu wapya au wasio na ujuzi ikapanda kwa asilimia 34. Wazoefu walinufaika kidogo sana. Huo ni msaada wa kazini, na una thamani yake.

Sasa weka kando yake utafiti wa mtafiti Hamsa Bastani na wenzake, uliotolewa mwaka 2024, juu ya wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 nchini Uturuki. Kundi moja lilifanya mazoezi ya hisabati likiwa na programu ya kawaida ya mazungumzo. Alama za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48. Mtihani ulipofanyika bila programu, kundi hilo lilipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi jingine lilipewa programu iliyoelekezwa kutoa vidokezo bila kumpa mwanafunzi jibu. Mazoezi yake yalipanda kwa asilimia 127, na ile hasara ya mtihani kwa sehemu kubwa ikatoweka. Programu zote mbili zilijengwa juu ya modeli ileile ya lugha, yaani ule mtambo wa ndani unaotunga maandishi. Zilitofautiana kwa maelekezo ziliyopewa, pamoja na majibu sahihi na makosa ya kawaida ambayo walimu waliyaingiza.

Kwa hiyo chukua orodha ya kazi za mhudumu na uigawe mara mbili. Yale ambayo mtu anaweza kuyatafuta kwa sekunde 20 bila madhara, kama nambari za fomu, viwango vya ada na muda wa kusubiri, yaachie programu ya kuuliza na kujibiwa, usiyafundishe. Yale yanayohitaji uamuzi mteja akiwa kwenye simu, kama kutambua kwamba maelezo yake hayajakamilika, kukataa ombi bila kumdhalilisha, au kusita kabla ya kuahidi fedha, hayo lazima yakae kichwani na kinywani. Ukifanya hivyo, sitashangaa masomo 40 yakibaki 6 au 7.

Anza na makosa

Usianze na miongozo. Chukua visa 60 vilivyoharibika katika miezi mitatu iliyopita, futa majina, nambari za simu na za akaunti, kisha soma 20 mwenyewe kabla hujaipa programu vyote 60 ivipange kwa aina. Usipotangulia kusoma, utayakubali makundi itakayokuletea, kwa sababu huyapanga kwa maneno yanayofanana wakati wewe unatafuta sababu zinazofanana. Visa viwili vyenye neno "malipo" vinaweza kuwa na vyanzo tofauti kabisa: mhudumu mmoja hakujua kanuni, mwingine aliijua lakini mfumo ulimchelewesha akakisia. Wa pili hahitaji mafunzo hata kidogo. Anahitaji mfumo urekebishwe. Toa visa vya aina hiyo pembeni na uvipeleke kwa wahusika. Katika vinavyobaki, chagua maamuzi matatu tu ya kufanyia kazi.

Safisha pia nyaraka utakazoilisha programu. Modeli ya lugha hutunga jibu kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuata. Ikikuta toleo la zamani na jipya la kanuni moja, inaweza kuyachanganya na kukupa jibu laini lenye nusu ya kila moja. Kila waraka uwe na tarehe, mwenye dhamana na toleo moja tu. Kisha uijaribu kwa maswali 30, kumi kati yake yakiwa yale ambayo majibu yake hayamo kabisa kwenye nyaraka. Kwa hayo kumi jibu sahihi ni "halimo kwenye mwongozo, muulize msimamizi". Ikibuni hata mawili, usiwafungulie wafanyakazi. Ongeza kwenye maelekezo sharti la kutaja waraka na kifungu kwa kila jibu, urudie majaribio yote 30.

Maswali: omba 12, baki na 5

Maswali ambayo programu hutunga bila kuelekezwa yana dosari zinazojirudia. Jibu sahihi mara nyingi ndilo refu kuliko mengine na ndilo lenye tahadhari nyingi. Majibu ya uongo ni ya kipuuzi kiasi kwamba hata asiyesoma hayachagui. Maswali mengi huuliza maana ya istilahi wakati kazini hakuna anayemwuliza mhudumu maana. Halafu kuna "yote yaliyotajwa hapo juu", ambalo humpa mtu alama kwa kutambua majibu mawili tu.

Dawa ni kuipa makosa halisi yawe majibu ya uongo. Iandikie hivi: "Hiki ni kisa cha mteja. Haya ni makosa manne ambayo wahudumu wetu wameyafanya katika kisa kama hiki. Tunga swali la 'ungefanya nini sasa', kila kosa liwe chaguo moja, machaguo yote yalingane kwa urefu, na kwa kila chaguo eleza kwa nini mtu makini angeweza kulichagua." Kile kipengele cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Programu ikishindwa kueleza kwa nini mtu makini angelichagua jibu fulani, jibu hilo ni la kutupwa.

Msimamizi mzoefu asome kila swali kabla halijatoka. Mpe kazi ya kuvunja, si ya kupitisha: "Tafuta mazingira ambayo jibu tunaloliita sahihi lingekuwa kosa." Dakika mbili kwa swali zinatosha, na ndiyo maana ya kuomba 12 ili ubaki na 5.

Mazoezi ya mazungumzo

Hiki ndicho kipengele ambacho ningekipa nusu ya muda wako wote. Programu inacheza mteja, mhudumu anajibu kwa maandishi au kwa sauti. Wengi huandika "jifanye mteja mwenye hasira" na kuishia hapo. Wanapata mteja anayefoka zamu ya kwanza, kisha zamu ya pili anashukuru kwa huduma nzuri. Modeli hizi zimefunzwa kupendeza na kukubaliana, kwa hiyo bila masharti ya wazi zinalegea haraka, na mhudumu anajifunza kwamba "pole sana" inatosha. Maelekezo yanayofanya kazi yana kitu kilichofichwa na masharti ya kulegea, mathalani:

"Wewe ni mteja unayedai umekatwa fedha mara mbili kwa huduma moja. Hii ni mara ya tatu unawasiliana nasi. Una hasira lakini hutukani. Usichokisema mpaka uulizwe: malipo ya pili alifanya mwenzi wako kwa akaunti yake. Andika sentensi 1 hadi 3 kwa zamu. Usimsaidie mhudumu, usimpe kidokezo, usimsifu. Punguza hasira ikiwa tu amelitaja tatizo lako kwa maneno yake na kuuliza walau swali moja juu ya malipo. Akiahidi kukurudishia fedha kabla ya kuuliza nani alilipa, kubali na umshukuru. Mazungumzo yaishe zamu ya 12, au mhudumu akiandika MWISHO."

Tazama sharti la ahadi. Mteja wa kweli akiahidiwa fedha asingepinga, angeshukuru na kukata simu; kosa lingegundulika baadaye, fedha zikiwa zimekwenda kwa asiyelipa. Zoezi likimzuia mhudumu pale pale kwa kumwambia amekosea, linamfundisha kusubiri kuzuiwa. Mwache amalize akiamini amefanya vizuri, kisha maoni yamrudishe kwenye zamu ile.

Maoni yatolewe katika mazungumzo mapya, yasiyo na kumbukumbu ya kuwa mteja. Ipe programu nakala ya zoezi na vigezo vichache vya ndiyo au hapana: alitaja tatizo kabla ya kutoa suluhisho, aliuliza nani alilipa, lini na kwa njia gani, hakuahidi kitu kabla ya kuhakiki, alimwacha mteja akijua hatua inayofuata na muda wake. Kwa kila kigezo idai maneno ya mhudumu yenyewe kama ushahidi. Isipopata ya kunukuu, jibu ni hapana. Epuka alama za 1 hadi 10, maana huelekea kurundikana kwenye 7 na 8 na hazimwambii mtu abadilishe nini.

Kabla ya kuuamini upimaji huo, chukua nakala 20 za mazoezi. Wakufunzi wawili wazipime kila mmoja peke yake, kisha ulinganishe na programu, kigezo kwa kigezo. Wakufunzi wakitofautiana wao kwa wao, kigezo kimeandikwa vibaya. Kiandikeni upya kabla ya kuilaumu programu. Wakikubaliana, na programu ikaafikiana nao chini ya nakala 17 kati ya 20, kigezo hicho kisitumike bado. Ingiza pia mtego mmoja: chukua zoezi baya, liongezee salamu ndefu na maneno ya heshima bila kugusa maamuzi, uone kama litapanda. Modeli huvutiwa na urefu na adabu, na ukiliacha hilo likapita utazalisha wahudumu wenye maneno mengi wasiohakiki chochote.

Mhudumu mmoja afanye mazoezi mawili kwa wiki, dakika 10 kila moja, ndani ya saa za kazi. Baada ya maoni arudie kisa kilekile mara moja, kisha wiki inayofuata apate kisa kingine chenye kanuni ileile lakini sura tofauti. Bila mabadiliko hayo ya sura atakariri kisa, na kanuni itampita.

Kurudia kwa nafasi

Kwa kila uamuzi kati ya yale matatu, tuma maswali matatu ya visa siku ya 2, ya 7, ya 21 na ya 45. Kila awamu isizidi dakika nne. Mtu ajibu kwanza, ndipo aone maelezo. Hapa akili mnemba inakuokolea kazi kubwa ya kubadilisha visa, jambo ambalo kwa mkono lingekuchosha kufikia mwezi wa pili. Anayejibu sahihi mara tatu mfululizo aondolewe kwenye swali hilo. Kumrudishia analolijua ni kumfundisha kubonyeza bila kusoma.

Nani anaona makosa ya mazoezi?

Jibu hili litolewe kwa maandishi kabla ya zoezi la kwanza. Pendekezo langu halina kona: nakala za mazoezi anaziona mhudumu mwenyewe na mkufunzi, basi. Msimamizi anapata muhtasari wa kundi, kwa mfano kwamba watu 14 kati ya 25 wanaahidi kabla ya kuhakiki. Siku makosa ya mazoezini yatakapoingia kwenye tathmini ya mwaka, watu wataacha kukosea kwa uhuru, wataanza kutafuta njia ya kupata "ndiyo" nne, na utapoteza kila kitu ulichojenga. Hili ndilo huvunja mipango mingi ya namna hii, na imani ikishavunjika hairudi kwa tangazo.

Angalia vilevile mkataba na mwenye programu: je, mnachoandika kinatumika kufunzia modeli zake, kinahifadhiwa kwa muda gani, na kinafutwaje? Ukishawishiwa kununua kipengele cha "kusoma hisia" za mfanyakazi kwa kamera au sauti, kataa. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya imepiga marufuku mifumo ya kubaini hisia kazini na katika elimu tangu tarehe 2 Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama, na imeiweka mifumo ya kupima matokeo ya kujifunza kwenye kundi la hatari kubwa. Hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, sababu zake zinafika.

Kiswahili chake

Ukiiacha itafsiri miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza, utapata sentensi sahihi ambazo hakuna anayezisema: "safari ya mteja" ikimaanisha hatua anazopitia mpaka ahudumiwe, au "tafadhali jisikie huru kuuliza". Upatanisho wa ngeli nao huteleza sentensi zikirefuka. Andaa faharasa ya maneno 40 hadi 60 mnayoyatumia kwelikweli ofisini, uibandike kwenye kila maelekezo, na uiagize itunge moja kwa moja kwa Kiswahili kutokana na mambo ya msingi uliyoyaorodhesha, isitafsiri. Kisha mhudumu mmoja asome kwa sauti. Anapokwama ulimi, hapo pabadilishwe. Mazoezi ya mazungumzo yanateseka zaidi kwa hili, maana mteja anayeongea kama waraka hamwandai mtu kwa mteja anayekatiza sentensi na kuchanganya lugha.

Jaribio la wiki 6

Usilete haya kwa watu 300 kwa mpigo. Pata wahudumu 50, wagawe kwa kura makundi mawili ya 25, ukihakikisha wapya na wazoefu wamegawanyika sawa. Usichukue wanaojitolea wawe kundi la mazoezi, kwa sababu wanaojitolea wangepata nafuu hata bila wewe. Kundi moja liendelee na masomo yaliyopo, jingine lifanye mazoezi ya maamuzi matatu.

Hesabu kitu kimoja kwa kila uamuzi: makosa kwa kila visa 100, kwenye kazi halisi, wiki nne kabla na wiki ya 3 hadi ya 6. Anayekagua visa asijue mhudumu ni wa kundi lipi. Idadi ya waliomaliza na kiwango cha kuridhika vikusanye ukitaka, lakini usiviweke kwenye ripoti ya kwanza; vikiwekwa juu, mkutano mzima utavijadili hivyo. Makosa yakipungua kwenye maamuzi mawili na la tatu likagoma, rudi kwenye visa vya lile la tatu kabla ya kuongeza mazoezi. Mara nyingi utakuta kanuni yenyewe inasomeka kwa namna mbili, na wahudumu wako walikuwa wakichagua ile ya pili.

Yale masomo 40 usiyafute. Ondoa maswali yake, yape vichwa vinavyofanana na jinsi mhudumu anavyouliza, mathalani "Mteja amelipa mara mbili, nifanyeje?", yahakikiwe dhidi ya matoleo mapya ya kanuni, kisha uyaweke ndani ya ile programu ya kuuliza na kujibiwa. Huko yatasomwa, kwa sababu atakayeyafungua atakuwa na mteja anayesubiri.